"Damu Yake" Ilikuwa ya Nani?

Wasikilizaji wapendwa, amahoro. Leo tunamkumbuka Abasi wa Rumonge, muuza mawese, tuliyemzika Ijumaa. Mji mzima ulimwita Damu Mbaya. Nasema wazi: jina hilo lilikuwa dhuluma.

Mwaka 1996, vita vikiwa vimefunga barabara ya Bujumbura, dada yake Mariyamu alijifungua mtoto wa kike, akavuja damu sana. Abasi alikimbilia zahanati, akakunja mkono wa shati. "Toa yangu, hata yote." Damu ikatolewa, ikapitishwa kwenye mpira uliokwisha kutumika, maana mipya ilikuwa haifiki. Mariyamu akaanza kutetemeka, homa ikampanda. Kulipokucha hatukuwa naye tena.

Nesi Émérance alitoka uani akawaambia ndugu, "Damu yake iliharibika." Basi, maneno hayo tu. Damu yake. Ya nani? Ismaili, mume wa marehemu, hakuuliza. Alimgeukia shemeji yake: "Ni wewe umemuua! Usiguse jeneza!" Abasi akamzika dada yake akiwa amesimama mbali, kama mpita njia.

Tangu hapo wateja waliiruka meza yake sokoni. Mpwa wake alifundishwa kuvuka barabara akimwona. Na Abasi, wasikilizaji, aliwaamini. Hakuoa. Aliogopa kuzaa watoto wenye damu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mwaka huu, Abasi akiwa hoi kitandani, Émérance alikuja kumwona. Akalia, akasema, "Nilisemaka damu ya Mariyamu. Vijidudu vilikuwa mu mupira. Makala ya kuwasha moto ilikosekana, tukauosha na mayi ya ziwa bila kuchemsha. Tuliona iko meupe tu. Damu yako ilikuwa muzima."

"Sasa ndiyo unaniambia?" Abasi akageukia ukuta.

Ijumaa Ismaili naye alifika, akavua viatu aingie, akanyoosha mkono kulishika jeneza. Mama Bora, aliyewazaa Abasi na Mariyamu, akamzuia mlangoni. "Mukwe, toa mukono. Ku jeneza ya Mariyamu ulimukatalia. Ku yake, miye nakukatalia."

Jeneza likaondoka. Ismaili akabaki uani na viatu vyake mkononi.

Mama Bora, pokea pole zetu, umezika wawili. Nanyi mliomwita Damu Mbaya, najua mnanisikiliza. Kwenu sina pole. Kaeni mfikiri, na leo, walau mara moja, mtajeni kwa jina lake. Abasi.