Mkutubi Aliyeniandika Vibaya

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Maktaba, mgeni wetu rasmi. Ndugu Meneja wa Idara ya Maji. Walimu wakuu mliopo. Wafanyakazi wa maktaba. Familia ya mstaafu wetu, hasa mumewe, ambaye naambiwa leo ndiyo mara ya kwanza amekubali kufungwa tai. Wanablogu wenzangu wa zamani, sisi wachache tuliobaki. Mabibi na mabwana: hamjambo?

Nimepewa dakika kumi. Mshereheshaji amenionya kwamba fundi wa pampu akishafunguliwa ni shida kumfunga. Nitajitahidi.

Walionitangulia wamesifia upole na bidii ya mkutubi wetu, ambaye nusu ya mji huu haijui jina lake kwa kuwa tumezoea kumwita Mama Faharasa. Mimi nimesimama kueleza kosa lake. Msishtuke, ni yeye mwenyewe aliyetaka. Juzi nilimwuliza, "Mama Faharasa, nikaseme nini?" Akanijibu, "Sema ya pampu. Ukinisifia tu, mimi natoka nje."

Basi nasema ya pampu.

Vijana mliopo, miaka ile simu ya mkononi ilikuwa ya kupiga na kutuma ujumbe, basi. Maktaba hii ilikuwa na kompyuta nne katika chumba cha nyuma, pale yalipo magazeti ya zamani sasa, na mojawapo haikuwaka mpaka mtu aukandamize waya kwa goti. Intaneti ilipitia waya wa simu, kwa hiyo katibu muhtasi wa ghorofani akipigiwa na dada yake, huku chini kila mtu anapoteza ukurasa wake. Humo ndimo watu saba walikutana kila Jumamosi mchana, kila mmoja na blogu yake. Mwalimu wa hesabu aliandika mafumbo ya namba. Mshona nguo aliandika habari za wateja wake, bila kuwataja. Mama Faharasa alikuwa na blogu iliyoitwa Rafu ya Chini, na aliandika kuhusu mji: taa zilizozimika, mitaro iliyoziba, ofisi zisizofunguliwa kwa wakati. Kila blogu ilikuwa na orodha ya wenzake pembeni, na mmoja akiandika, sita wanaacha maoni, naye anawajibu mmoja mmoja kama anayeitikia salamu.

Kwa ajili yetu tusiojua hata kushika kipanya, yeye alichapa makala zake na kuzibandika kwenye ubao wa mlangoni. Kwa hiyo alichokiandika asubuhi, jioni kilikuwa saluni.

Sasa, mwaka huo pampu kubwa ilisimama karibu wiki tatu. Siku ya sita Mama Faharasa alipita mbele ya nyumba ya pampu akanikuta nimeketi juu ya mkokoteni uliojaa madumu ya maji, ninakula. Hakusimama. Alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta yake akaandika, na maneno yale nayajua kwa moyo: "Mabomba yamekauka, lakini fundi wa pampu anakula mchana juu ya mkokoteni wa muuza maji. Tuulizane: pampu ikilala, nani anaamka?"

Imeandikwa vizuri, siyo? Hata mimi nakubali. Ila haikuwa kweli.

Muuza maji yule ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Aliniletea chakula kwa sababu nilikuwa sijatoka pale kwa siku mbili. Pampu ilivunjika beringi, na beringi hiyo nilikuwa nimeiomba kwa maandishi mara tatu, tangu ilipoanza kupiga kelele.

Mke wangu alikuwa saluni, kichwa nusu kimesukwa, mama mmoja aliposoma ile karatasi kwa sauti. Alinyanyuka vilevile, akaja nyumbani na nusu ya nywele.

"Baba Mapacha, ni kweli unafunga maji?"

"Hata wewe?"

"Nakuuliza ili nikawajibu. Kwa hiyo nijibu vizuri."

Nilimjibu. Lakini saluni ni moja, na midomo ni mingi. Kesho yake nilipokea barua ya kusimamishwa kazi, uchunguzi ukisubiriwa, na pampu ikabaki haina beringi wala fundi. Ndugu zangu, mimi nimefanya kazi na maji maisha yangu yote, lakini siku ile ndiyo yalinifika shingoni. Wanangu walitaniwa shuleni. Jirani niliyemtengenezea bomba bure aliniona akavuka barabara.

Nikachukua daftari langu la kazi, nikaja hapa. Alikuwa mezani kwake anabandika namba kwenye vitabu.

"Wewe ndiye unayeandika zile karatasi za mlangoni?"

"Ndiyo. Karibu, kaka."

"Sikuja kukaribishwa. Unanifahamu?"

Akanitazama. "Wewe ni fundi wa pampu."

"Kabla ya kuniandika, uliniuliza chochote?"

Gundi ilikuwa inamkaukia vidoleni. Mtu mwingine angesema nilisikia, niliambiwa, watu wanasema. Yeye alisema, "Sikukuuliza."

"Basi niulize sasa."

Alivuta kiti akaniuliza kwa saa mbili, na kila nilichosema alitaka kukiona kwenye daftari. Kesho yake alikwenda ofisi ya maji kutafuta yale maombi yangu matatu. Wakamwambia hayapo. Akaomba, kwa adabu, aangalie mwenyewe. Mnajua kumwambia mkutubi kwamba karatasi haipo ni sawa na kumwambia mama kwamba mtoto hayupo? Aliyakuta yote matatu, yamepigwa mhuri wa kupokelewa, ndani ya jalada lililoandikwa "Barua Nyinginezo". Meneja, najua hukuwepo wakati ule. Tulia.

Jumamosi akaniita kwenye kikao chao. Mwalimu wa hesabu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema lakini alipenda njia fupi. Akamwambia, "Futa ile makala, basi. Blogu si gazeti, bonyeza tu iondoke. Mwezi ujao hakuna atakayekumbuka."

Mama Faharasa akasema, "Mwalimu, maji yakimwagika hayazoleki. Kilichobaki ni kusema nani kayamwaga."

"Utajiharibia jina. Wasomaji watakukimbia."

"La huyu limeshaharibika. Jina langu ni la dhahabu?"

Mwalimu alikasirika. Jioni ileile aliliondoa jina la Rafu ya Chini kwenye orodha yake, na katika jamii ile ndogo, ndugu zangu, hilo lilikuwa kama kumwondolea mtu kiti mezani. Wengine wawili wakamfuata.

Yeye akaandika. Kichwa kilisema "Nilikosea kuhusu fundi wa pampu". Alieleza beringi, barua, shemeji, chakula, na akaeleza kwamba alikuwa na miguu ya kuvuka barabara na mdomo wa kuuliza, asivitumie. Ile makala ya kwanza hakuifuta. Aliiacha palepale na kuandika juu yake kwamba si ya kweli. Kisha akakaa siku thelathini bila kuandika kitu kingine, ili kila atakayefungua Rafu ya Chini akutane kwanza na kosa lake. Na kwa kuwa alijua kosa lilifika wapi, alichukua nakala akaenda nayo saluni, akaisoma mwenyewe kwa sauti. Mke wangu alikuwepo. Anasema msusi alizima mashine ya kukausha nywele ili wote wasikie.

Nilirudishwa kazini. Beringi ikanunuliwa. Maji yakatoka.

Je, nilimsamehe? Hapana. Tusidanganyane kwa sababu leo kuna keki. Miezi miwili nilipita mlango huu bila kusalimia. Mpaka siku moja akanikamata barabarani.

"Kaka, ugomvi wako ni haki yako, sitauingilia. Lakini watu wananiuliza maji yatatoka mtaa gani lini, na mimi sijui. Wewe unajua. Kwa nini usiandike mwenyewe?"

"Mimi? Kwa vidole hivi?"

"Kwa hivyohivyo."

Makala yangu ya kwanza ilikuwa na mistari miwili, na ilinichukua dakika arobaini. Jumatatu mtaa wa juu, Jumanne sokoni. Nikaona tamu. Nikaanza kueleza kwa nini mtaa fulani unapata maji membamba, bomba gani limezeeka, nimefukia nini wapi. Mwaka haukuisha, blogu yangu, Maji Wiki Hii, ikawa na wasomaji wengi kuliko zile zote saba. Hata Mwalimu alirudi. Maoni yake ya kwanza kwangu yalisema, "Jumla yako ya saa ina makosa." Alikuwa sahihi, nikarekebisha, na niliandika kwamba nimerekebisha. Hilo nilikuwa nimeshajifunza kwa Mama Faharasa.

Kisha zikaja simu za kisasa, watu wakahamia huko, na kampuni iliyotuhifadhia blogu zetu ikatangaza kwamba inafunga baada ya wiki tatu. Wengi tulisema basi, yamepita. Mama Faharasa akaanza kuzichapa zote na kuziweka kwenye majalada. Nilimwambia zangu aziache, nani atasoma ratiba za maji za miaka kumi iliyopita?

Akasema, "Mimi ni mkutubi, si hakimu. Zinaingia."

Mwaka jana, mhandisi wetu kijana, yule binti wa safu ya tatu, alikuja kunitafuta nyumbani mimi mstaafu. Bomba kuu lilipasuka upande wa zahanati, maji yanaingia stoo ya dawa, na koki ya kulifunga haionekani kwenye ramani yoyote. Nilikwenda nikamwonyesha. Wakachimba, hakuna. Nikamwonyesha pengine. Hakuna. Barabara ilishapanuliwa, na kichwa changu si kile tena. Niliona aibu mbele ya vijana wale, siwezi kuwaficha.

Binti akapiga simu maktaba. Baada ya nusu saa Mama Faharasa akaja kwa miguu, jalada kwapani, akasoma: hatua kumi na mbili kutoka nguzo ya chuma, kuelekea ukuta, kina cha mkono mmoja. Nilisikiliza kama mgeni. Sikukumbuka kabisa kwamba niliyaandika mimi.

Wakapima. Wakachimba. Koki ilikuwepo. Binti aliizungusha mara saba, maji yakakatika, na wauguzi wakaanza kutoa maboksi ya dawa nje, mengi bado makavu.

Mama Faharasa alifunga jalada lake akaniambia, "Kaka, umesikia? Umeandika vizuri."

Hiyo ndiyo habari niliyoagizwa. Dada yangu, pumzika kwa raha, na ufunguo wa chumba cha nyuma umkabidhi mwenye subira. Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Asanteni sana.