Uzito wa Sarafu Kumi na Mbili

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kutusindikizia mzee wetu, familia imemteua binti mkubwa wa marehemu awasomee historia hii, naye amekubali kwa sharti kwamba ataisoma yote, hata pale inapomgusa mwenyewe, na kwamba atajitaja kama anavyomtaja mtu mwingine yeyote, kwa sababu marehemu hakuvumilia mtu kujipendelea.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Gramu, alizaliwa tarehe 14 Novemba 1948, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa nne wa seremala na mshona nguo. Alisoma shule ya msingi iliyo mkabala na kiwanda hicho toka mwaka 1956 hadi 1963, akamaliza sekondari mwaka 1967, akiwa hodari wa hesabu na mbovu kupindukia wa kuimba, jambo ambalo mpaka anaingia kaburini hakulikubali.

Tarehe 2 Januari 1969 aliajiriwa katika ofisi ya vipimo, kazi yake ikiwa kupita madukani na sokoni kukagua mizani, na kwa miaka thelathini na mitano hakuna aliyemlegeza, si kwa soda wala kwa maneno matamu. Alifunga ndoa tarehe 19 Agosti 1972, na wiki tatu kabla ya siku hiyo aliifungia mizani ya duka la baba mkwe wake, maana ilikuwa inakula gramu ishirini katika kila kilo, mzee wa watu akanuna hadi mjukuu wa kwanza alipozaliwa, tarehe 11 Juni 1975. Mjukuu huyo ndiye anayewasomea. Baadaye walifuata wavulana wawili, mwaka 1978 na 1981.

Sarafu zilimkuta kazini, mwaka 1973, kwa sonara mmoja aliyekuwa akipimia dhahabu kwa visarafu vyeusi badala ya mawe halali ya mizani. Marehemu alivipiga marufuku palepale, kisha akamnunulia sonara mawe mapya kutoka mfukoni mwake, naye akapewa visarafu vile, vya shaba, vidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, vya tawala za kale za Ulaya, zama za Wagothi wa Mashariki na za mwanzo za Bizanti, miaka kama elfu moja na mia tano iliyopita. Toka hapo alishikika, mama yetu akawa anasema ameletewa mke mwenza asiyekula wala kufua. Aliandikiana barua na wakusanyaji wa mbali, na kila sarafu aliipa bahasha yake, akaandika juu yake uzito hadi sehemu ya mia ya gramu, sura ya kaisari upande mmoja, na upande wa pili zile herufi za jina la mfalme zilizofumwa pamoja kama fundo la uzi. Weusi wa sarafu ndio ulioyashika maandishi hayo, ukiuondoa umemwondoa na mfalme.

Binti hakulijua hilo. Jumapili ya tarehe 14 Novemba 1982, akiwa na miaka saba, alitaka kumpa baba yake zawadi ya kuzaliwa, akachukua sarafu kumi na mbili ambazo baba alizipenda kuliko zote, akazilaza katika kikombe cha maji ya limau na chumvi toka asubuhi hadi jioni, akazisugua kwa mswaki, akamletea kwenye sahani. Zilikuwa laini kama vifungo vya shati. Marehemu alizitazama moja moja kwa kioo cha kukuzia, akazipima, halafu akasema, "Zinang'aa kweli, mama. Asante."

Hakumgombeza, si siku ile wala baadaye. Binti alipokua na kusoma katika vitabu vya baba yake ni kitu gani alichokifanya, aibu ilimjaa, akaamini kwamba ule ukimya ulikuwa hasira, na kwa zaidi ya miaka thelathini hakuingia chumba cha sarafu ila kupeleka chai.

Mwezi Aprili 2022 ugonjwa wa sukari ulimpokonya marehemu macho, na figo zikafuata. Alimwita binti amsomee bahasha zake, binti akatafuta udhuru mara mbili, mara ya tatu mzee akamwambia, "Mikono yako naijua. Njoo." Basi kila Jumamosi binti alisoma na mzee akapapasa, mmoja akiwa macho na mwingine vidole, wakacheka sana, wakazipitia bahasha zote isipokuwa moja chini kabisa ya droo, ambayo mzee alimwambia aiache kwanza. Alifariki Jumamosi, tarehe 3 Februari 2024, saa tatu asubuhi, wodi namba sita, mke wake akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi hiyo, majirani waliotupikia bila kuombwa, na wenzake wa ofisi ya vipimo, ambao jana walilikagua jeneza kama limekaa sawa, na tunajua angewapongeza.

Limebaki jambo moja. Bahasha ile binti aliifungua juzi, akazikuta zile kumi na mbili, bado zinang'aa, na juu ya bahasha mwandiko wa baba, wa siku ileile ya mwaka 1982: "Kabla, gramu 10.84. Baada, gramu 8.97. Kilichopungua, hakuna." Ameandika hivyo mtu aliyefungia mizani ya mkwewe kwa gramu ishirini.

Mniwie radhi, hapa siwezi tena kujitaja kama mtu mwingine. Baba, nimeisoma. Pumzika sasa, kwa amani.