Ukungu Tuliokuwa Tukiufuta

"Mwalimu, na kama hayo si matao?" Ndivyo alivyouliza yule binti, mwanafunzi wangu, akiwa amesimama safu ya nyuma ya ukumbi wa mihadhara, akitutazama mimi na maprofesa sita waliokaa mbele wamekunja nne.

Sikilizeni wanangu, sogeeni, pumzi yangu haifiki mlangoni. Nyumba hii ni yenu nyote wawili, msigombane; nilicho nacho moyoni ni kizito kuliko nyumba. Miaka thelathini na moja nimepima matao ya mwanga yanayosimama juu ya Jua, nikifundisha kwamba kila tao ni kamba ya gesi ya moto iliyoshikwa na usumaku, na kwa hayo nikapewa cheo. Lakini usumaku hutanuka kadiri unavyopanda, na kamba zangu zilikuwa na unene uleule toka chini hadi juu, mbona? Binti akasema labda ni shuka moja kubwa ya mwanga iliyokunjamana, na pale mikunjo inapopandana machoni petu ndipo tunapoona mstari. Nami, kwa kukosa hoja, nikampa kejeli: "Wewe kasomee kushona mapazia." Ukumbi ukaangua kicheko. Toka siku ile akawa Fundi Pazia, kwenye ngazi, maktabani, hata kwa mlinzi wa geti, na muhula haukuisha akaondoka. Watu wazima na shahada zao, wamemshinda msichana kwa kucheka!

Kabla ya kupima picha yoyote, tulifuta kwanza ukungu wa mwanga unaozunguka matao, ili yaonekane vizuri, kazi hiyo tukiiita kusafisha. Alipoondoka nilirudi kwenye picha mbichi, zisizosafishwa, nikaupima ule ukungu, nikakuta una mwanga mwingi kuliko matao yenyewe. Kama shuka ipo, basi ushahidi wake ndio niliokuwa nikiutupa kama takataka, na kuwafundisha wengine kuutupa. Nikazifungia picha hizo stoo. Mficha uchi hazai. Mimi sikuzaa elimu, nilizaa cheo.

Pengine alikosea. Pengine mengine ni kamba na mengine mikunjo. Wanabishana hadi leo, nami nakufa sijui, na hilo linanila kuliko huu uvimbe.

Wewe kifungua mimba, unayefundisha idara ileile, jana uliniambia, "Mama, tuzichome hizo picha, utajivunjia jina." Jina gani, baba? Najua unanipenda, najua pia kiti chako kimeegemea changu. Usininunie, sina muda wa kukubembeleza.

Binti yule sasa ni mtu mzima, anapima macho katika duka la miwani karibu na stendi. Nilikwenda mwaka jana, nikakaa kwenye kiti chake. "Bibi, soma mstari wa chini." Nikasoma. Sijui kama alinitambua. Nikalipa, nikatoka.

Maji... kidogo tu. Basi.

Mungu awape ulimi niliokosa. Awape... mkikosea, mkosee mchana, mbele za watu. Kitinda mimba, ufunguo wa stoo umo mtotoni mwa meza. Masanduku ya picha mbichi ni manne. Msimwombe yule binti anisamehe, mwambieni tu kwamba nilijua. Na wewe mkubwa... usimtume mtu, mwanangu. Mpelekee mwenyewe, leo, kabla hajafunga duka.