Tanuru la Nanyala

Mwaka 1951, juu ya magunia ya kahawa katika lori la kwenda Tunduma, mwalimu kijana wa shule ya Nanyala aliyekaa mbele yangu alikuwa akimsomea mhunzi mmoja, mzee Nzunda, kitabu cha historia: ngome za Ulaya za miaka mia nane iliyopita.

"Na huku kwetu wakati huo?" mzee aliuliza.

"Kitabu hakisemi, baba. Nadhani palikuwa pori." Alisema kwa upole wa mwenye cheti.

"Pale Nanyala kuna tanuru la kuyeyushia chuma. Mababu zetu walilijenga, na kwa mwiko wa kazi hiyo hawakulala na wake zao mpaka chuma kilipotoka. Hukuliona?"

Mwalimu alinyanyua uso. "Lile refu la udongo? Tulilibomoa Jumatatu, tukashindilia sakafu ya darasa kwa udongo wake."

Lori liliposimama, mzee aliuliza, "Darasa la somo gani?"

Mwalimu alikifunika kitabu kwa kofia yake.