Mama Zipu na Siku Kumi na Mbili Barazani

Mpendwa wetu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mama Zipu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu wa seremala na mkunga. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba binti huyu alitembea akiwa na miezi tisa, na tangu siku hiyo hakukaa chini.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1979. Ripoti zake zilisema ana akili, ila hatulii kwenye dawati.

Tarehe 14 Agosti 1985 alifunga ndoa na fundi umeme, wakajaliwa watoto watatu.

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa karani katika kampuni ya kupokea mizigo, akigonga mihuri kwenye shehena za wengine. Februari 1992 aliacha kazi kimyakimya, akaagiza zipu kutoka nje. Mumewe alijua siku makasha manane yalipoingia chumbani. Alimwuliza nani atazinunua. Marehemu akakiri kwamba hajui bado.

Wiki tatu alizunguka maduka ya vitambaa bila kuuza hata moja. Kila duka lilikuwa na mtu wake wa siku zote wa kuliletea zipu. Alikonda. Aliinuka mezani chakula kikiwa nusu. Hatimaye fundi cherehani mmoja mwenye ulimi mkali alimweleza ukweli.

“Dada, zipu ikifyatuka, mteja hamtukani aliyeiagiza. Ananitukana mimi.”

Hakubishana. Kesho yake alirudi na kiti chake, akaketi barazani kwa fundi yule, akawabadilishia wapita njia zipu mbovu za mikoba na majaketi bure, akiwasihi warudi zikiharibika. Alikaa siku kumi na mbili. Aliyerudi ni mmoja tu, naye si kwa kuharibikiwa; alileta jaketi la mkewe litiwe zipu.

Siku ya kumi na tatu fundi akasema, “Niachie makasha mawili. Na hicho kiti kiache hapo hapo.”

Mwezi ulipoisha alikuwa na mafundi tisa wanaonunua kwake. Mwaka 1998 alianza kupeleka vifungo vya pembe za ng'ombe nje ya nchi, baada ya barua arobaini zisizojibiwa.

Hata mambo yalipomnyookea hakutulia, na wanawe walizoea kumwona mgongo akitoka mlangoni. Mwaka jana kitinda mimba wake alimwuliza anakimbilia wapi.

“Mwanangu, nikikaa tu, nawasikia wale wenye maduka wakisema hapana.”

Novemba 2022 aligundulika na ugonjwa wa moyo. Hospitalini aliambiwa alale, lakini wauguzi walimkuta koridoni akikagua vifungo vya nguo za wagonjwa. Alifariki tarehe 3 Juni 2024, saa tatu asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Mumewe anasema kwa miaka thelathini na minane mkono ule ulikuwa ukimponyoka. Asubuhi ile ulibaki.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, ndugu wanne, na yule fundi cherehani, aliyeketi leo pamoja na familia.

Mola ampe pumziko ambalo mwenyewe hakuwahi kujipa.