Kimya cha Mashine ya Karani

Bisha. Bisha tu, nimezoea. Nikikwambia mtaani kwetu kuna kipofu anayechapa barua kwa kompyuta upesi kuliko wewe unavyotamka jina lako, utaniita mwongo. Shule niliiacha ingali inanihitaji, hilo nakubali, lakini mwongo siyo mimi. Huyo ni Karani. Macho yalimzimika ukubwani, akaachishwa kazi. Akapata programu inayomsomea sikioni kila kilichoandikwa kwenye skrini, akaketi nayo miaka minne mpaka vidole vikapata macho. Jumatatu hii ofisi yake ya zamani ilimwita, aoneshe kama anaweza kurudi mezani. Jaribio lilikuwa moja tu, halirudiwi.

Habari zilifika kijiweni kabla yake. Benchi letu limeegemea kibanda changu cha kutengeneza simu na kompyuta, ndiyo maana wananiita Daktari. Tukasikia kwamba Karani aliketi mbele ya wakubwa watatu, akavaa hedifoni, akawasha mashine. Kimya. Akabonyeza, akangoja. Kimya. Wakamshukuru kwa kufika.

— Mtandao huo, Kinyozi akasema.

— Ile haitumii mtandao, nikamkata.

— Basi virusi. Haba na haba hujaza kibaba. Viliingia kimoja kimoja.

Mshona Viatu akashusha kikombe. Yeye alisikia kwamba ofisi kubwa zina kifaa chini ya meza kinachonyonya sauti, ili wanyonge wasisikike. Kinyozi akaapa kwamba hata mkasi wake hupoteza mlio akimnyoa mtu wa ofisi ile. Mama Kahawa, huku akimimina, akasema mashine imesusa tu, maana asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hakuna aliyeuliza mama wa kompyuta ni nani.

Wakanigeukia. Nikawapa somo refu: joto, vumbi, umeme wa ofisi ulivyo na hasira. Wakatikisa vichwa kama wanafunzi. Nilikuwa bado naendelea nilipoisikia fimbo ya Karani ikigonga ukingo wa mtaro.

Tukamsogelezea nafasi. Akakaa, kompyuta mapajani, akapokea kikombe asikinywe.

— Pole, mwanangu, Mama Kahawa akasema.

— Nimeshapoa, mama. Nina swali moja tu.

Akaipapasa mashine yake kama mtu anayempima mtoto homa.

— Kuna mtu hapa nilimwambia kwamba ile sauti inanisumbua?

Kinyozi akaangalia viatu vyake. Mshona Viatu naye akaangalia viatu vya Kinyozi. Mama Kahawa akainamisha birika, likatoa matone mawili, basi. Na Karani alikuwa ameuelekeza uso kwangu, ingawa tangu afike sikuwa nimefungua kinywa.

Sasa ile sehemu niliyoiruka. Ijumaa Karani aliniletea mashine ile, feni yake ilikuwa inakoroma. Nilipoiwasha ikaanza kusema yenyewe, maneno yanakimbizana, huwezi kushika hata moja. Mimi programu yake sikuwahi kuisikia, yeye huvaa hedifoni daima. Nilidhani inamsomea taratibu, kama msoma habari wa redioni. Sikujua kwamba masikio yaliyozoea huiharakisha hivyo. Nikasema, virusi gani hivi vyenye mdomo? Nikafuta kila kitu chenye sauti, nikajipigia makofi.

Jumatatu alfajiri alipita kuichukua, shati limenyooshwa, kiatu kinang'aa. Akaomba aiwashe kwanza, aisikie. Nikamwekea mkono begani, nikamwambia atachelewa bure, kaka, mashine imepita mikononi mwa Daktari, au huniamini?

Akaniamini.