Nyongeza ya Mzee Gibson: Miaka Thelathini na Miwili Nyuma ya Mizani

Jumamosi tarehe 28 Juni 2025, Mzee Gibson Kipkurui anavua aproni yake kwa mara ya mwisho, baada ya kukata nyama miaka thelathini na miwili katika bucha ya ushirika wetu hapa Chepilat. Mimi Chepngetich, keshia, nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu nimeketi hatua tatu kutoka kwenye gogo lake la kukatia nyama kwa miaka kumi na minne. Kamati iliniambia niandike mambo ya kuchangamsha. Nimejaribu.

Alitoka kwao Siongiroi mwaka 1993 na kisu chake mwenyewe, kimefungwa kwa gunia. Mwaka wa kwanza aliosha sakafu na matumbo, wa pili akapewa panga, wa tatu akakabidhiwa mizani. Hakuwahi kuuza nyama isiyo na muhuri wa afisa wa mifugo, hata Krismasi ile ng'ombe walipochelewa na watu wakataka kuvunja dirisha.

Wateja wa nyama ni watu wagumu, sote tunajua. Kila mmoja anataka mnofu, hakuna anayetaka mfupa, na wote wanaelekeza kwa kidole kama wanaoongoza lori likirudi nyuma. Mwalimu Omariba, anayevuka barabara kutoka upande wa Nyamira, angeweza kumfanya malaika aache kazi. Mzee Gibson alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akakata palepale alipotaka kukata tangu mwanzo, na mwalimu akaenda zake ameridhika.

Tunamkumbuka pia Chepkemboi alipokuwa bibi arusi wa wiki moja. Mama mkwe alimtuma nyama bila kumwambia ya sehemu gani, na yeye akaona haya kuuliza. Alifika dirishani akasema tu, "Nyama." Mzee alimuuliza ameolewa boma gani, kisha akamkatia kile mama mkwe huyo alichonunua kwa miaka ishirini. Siku ya pili msichana alirudi kushukuru. Alikuwa amesifiwa mbele ya mashemeji.

Lakini kilichowaleta watu kwake hasa ni nyongeza. Kila bucha hutoa nyongeza, kipande cha mafuta au mfupa wa kumnyamazisha mteja. Ya Mzee Gibson ilikuwa na jina la mtu. Mjamzito alipata ini, mwenye baba asiye na meno alipata nyama laini, na mwenye watoto wengi akapata mfupa wa supu. Hakuuliza mtu, na hakukosea.

Alikosea mara moja tu, na hiyo ndiyo sitaki kuipita.

Mashine za kuchuna majani ya chai zilipoingia mashambani, foleni yetu ya Jumamosi, iliyokuwa ikifika kwenye posho mill ya kusaga unga, ilirudi hadi mlangoni. Waliokuwa wananunua kilo wakaanza kununua robo. Wa robo wakaanza kununua mifupa. Tulikuwa tunachinja ng'ombe wanne kwa wiki, sasa ni mmoja, na Jumatatu bado ananing'inia. Kuketi mahali pangu na kuyatazama hayo ni kazi ya kuvunja moyo.

Kati ya waliopoteza kazi alikuwa Jerusa, mama Dolphine, mchuna majani aliyetoka upande wa ziwa. Kwa miaka kumi na minane alinunua nusu kilo kila Jumamosi, na nyongeza yake ilikuwa mfupa wenye uboho. Alipokosa kazi aliendelea kuja. Alipanga foleni vizuri, akasalimia watu, na akikaribia mbele alijipapasa mfukoni kama aliyesahau kitu, akatoka. Jumamosi tatu alifanya hivyo. Mzee akaelewa.

Jumamosi ya nne, Machi mwaka jana, alifunga mfupa kwenye karatasi akauinua juu ya vichwa vya watu. "Mama Dolphine! Nyongeza yako hii, shika!" Foleni nzima ikageuka. Mtu mmoja akacheka: "Nyongeza ya nini na hajanunua?" Jerusa alikitazama kile kifurushi. Akasema, "Mimi sijaomba, baba," akaondoka. Hakurudi tena.

Tangu siku ile, kila Jumamosi asubuhi Mzee Gibson hufunga mfupa mmoja na kuutundika kwenye kulabu ya tatu, upande wa dirisha. Jioni huuteremsha akampa mlinzi wa posho mill. Nilimwuliza kwa nini asiende kumwona kambini, kwenye nyumba za wachuna majani. Alisema kwenda na nyama ni kumwaibisha mara ya pili, na kwenda mikono mitupu ni kumwonyesha kwamba hajali. Kwa hiyo akangoja. Ameniambia hata baada ya kustaafu atakuwa anatoka Siongiroi kila Jumamosi kuja kuuliza kama amekuja.

Mwezi wa nne mwaka huu, Mzee akiwa kichinjioni, Dolphine alikuja kuniaga. Mama yake alikuwa ameugua, wakampeleka nyumbani, na walikuwa wamemzika. Alisema: "Mama alikuwa anasema mzee hana roho mbaya. Hiyo mfupa angechukua. Ni vile tu mzee angemwita hapa mlango wa nyuma, si mbele ya watu." Nilimwomba ruhusa niandike haya siku moja. Alinijibu niandike tu, mama sasa hawezi kuona aibu tena.

Nilinyamaza wiki kumi. Mtu akisimama mbele yako na kifurushi mkononi, akiangalia barabara, utaanzia wapi? Nilikuwa mwoga, na naomba msamaha.

Jumamosi iliyopita nilimpa ukurasa huu kabla ya mtu mwingine yeyote kuuona. Nilimpa kwenye mlango wa nyuma. Aliusoma polepole, akaukunja, akautia mfukoni mwa aproni. "Mwezi gani ulisema?" Nikamwambia wa nne. Akarudi kwenye gogo, akakata mfupa, akaufunga na kuutundika palepale. Jioni hakuuteremsha, na mimi nikauacha hapo. Mistari hii nimeiongeza baadaye, kwa idhini yake.

Siku hiyohiyo watu watatu walitoka kwenye foleni wakijipapasa mifuko. Mlango wa nyuma tumeuacha wazi tangu wakati huo. Hakuna aliyeupitia.

Mzee Gibson, kwa niaba ya ushirika, asante kwa miaka yako, kwa mkono wako, na kwa kutujua majumbani mwetu kuliko tulivyojijua wenyewe. Tunakuombea afya, maziwa ya kutosha huko Siongiroi, na usingizi mzuri. Jumamosi usije kuuliza, baba. Pumzika. Siku mtu akisimama kwenye mlango wa nyuma, nitakupigia simu mimi mwenyewe.